Trekta Jipya Lizoezwe Kazi Kabla ya Masika

Mada kwa vikundi vya wakulima wa Wadi ya Ganda, Malindi



Mvua ya masika ikianguka Ganda, kila shamba hutaka kulimwa wiki hiyo hiyo. Hapo ndipo vikundi vingi hulitoa trekta dogo lililonunuliwa na kulituma kazi kutwa, likiwa bado jipya kabisa. Haraka hiyo inaweza kugharimu injini nzima.

Matrekta mengi madogo huhitaji takriban saa 50 za kuzoezwa kazi. Saa hizo husomwa kwenye mita iliyo mbele ya dereva. Trekta likifanya kazi saa sita kwa siku, saa 50 hutimia siku ya tisa. Kwa hivyo, likianza kazi siku mvua ilipoanza, oili ya kwanza itatakiwa kumwagwa katikati ya msimu, wenye mashamba wakiwa kwenye foleni. Ni kikundi gani kitakubali lisimame? Oili huahirishwa wiki moja, kisha nyingine, mpaka msimu unakwisha.

Oili hiyo ya kwanza si ya kuahirishwa. Ndani ya injini mpya, ringi za pistoni na kuta za silinda bado hazijakaa sawasawa. Zinaposuguana hutoa chembe ndogo za chuma zinazobaki kwenye oili na filta. Zikiachwa humo, huendelea kula vyuma vingine. Ndiyo maana oili na filta ya kwanza hubadilishwa mapema kuliko zitakazofuata. Matrekta mengi pia huhitaji filta ya haidroliki ibadilishwe wakati huo. Kijitabu cha maelekezo kilichokuja na trekta ndicho chenye neno la mwisho.

Dawa ni kulianzisha trekta Januari au Februari kwa kazi nyepesi. Ardhi ikiwa kavu na ngumu, plau isiguswe. Ziko kazi nyingine: kuvuta trela lisilojaa sana, kupeleka samadi shambani, kusomba makuti au mitungi ya maji, na kufyeka majani. Aprili ikifika, saa 50 zimeisha, oili imebadilishwa, na trekta liko tayari kwa plau.

Katika saa hizo dereva asilikandamize trekta. Likianza kulemewa na kutoa moshi mweusi, apunguze gia au apunguze mzigo. Wala asiliache likinguruma papo hapo kwa muda mrefu akidhani analihurumia. Injini isiyopewa mzigo wowote ringi zake hazikai vizuri, na baadaye huanza kula oili na kutoa moshi wa samawati. Kinachofaa ni mzigo wa wastani, na mwendo unaobadilishwa mara kwa mara. Nati za magurudumu zikazwe baada ya saa chache za kwanza na zikaguliwe kila siku, kwa sababu kwenye trekta jipya hulegea.

Baada ya hapo huja matunzo ya kila siku. Asubuhi, kabla ya kuwasha, dereva apime oili, aangalie maji ya rejeta, mkanda wa feni na upepo wa tairi, na apige grisi panapotakiwa. Rejeta isifunguliwe ikiwa moto, kwani maji yake huruka na kuunguza.

Udongo wa kichanga wa Ganda ni adui wa filta ya hewa. Vumbi likipita, huingia moja kwa moja kwenye silinda. Filta ikipulizwa, upepo uwe wa kiasi na utoke ndani kwenda nje. Isigongwe kwenye jiwe. Ikitoboka, inunuliwe nyingine.

Dizeli ijazwe jioni, kazi ikiisha. Tangi lililo nusu tupu hukusanya unyevu usiku, hasa katika hewa hii ya pwani, na maji yakifika kwenye pampu na nozeli huziharibu.

Shamba lenye visiki vya minazi na mikorosho likaguliwe kwa miguu kwanza. Plau ya sahani huweza kupanda juu ya mzizi, lakini kisiki kikubwa huvunja zana na huweza kumwumiza dereva. Nguzo ya kumkinga dereva trekta linapopinduka isiondolewe, na mkanda ufungwe. Mtoto asipakiwe juu ya trekta, hata kwa safari fupi ya kurudi nyumbani. Shafti ya nyuma inayozungusha zana isikaribiwe na mwenye kanga, shuka au nguo pana, kwa maana hunasa nguo na kumvuta mtu kabla hajapiga kelele.

Limebaki suala la wenye trekta. Mali ya wengi hufa mapema kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ameitazama. Kikundi kiteue dereva mmoja na msaidizi wake. Kiwe na daftari la saa, dizeli, oili na ekari zilizolimwa. Kwenye malipo ya kila ekari, kiasi kitengwe cha oili na filta kabla ya kugawana faida. Dereva naye asipimwe kwa wingi wa ekari tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na dereva anayesifiwa kwa kasi huacha kupima oili.

Kikundi chenye trekta jipya kisome mita yake leo na kuandika idadi ya saa kwenye daftari. Zikiwa chini ya 50, kipange kazi nyepesi na kinunue oili na filta mapema, kabla wingu la kwanza halijatanda upande wa bahari. Kisichojua kusoma kijitabu cha maelekezo kikipeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi, asaidie kukifafanua.