Tuanze na Mwendo
(Hotuba kwa mkutano wa wananchi kuhusu usalama wa raundabauti)



Nimewasikia wengine mkisema ati raundabauti ing'olewe, tuwekewe taa. Hebu tuelewane kwanza. Pale barabara mbili zinapokatana bila mzunguko, wahandisi huhesabu sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana. Ukiweka raundabauti ya laini moja, zinabaki 8. Tena magari hayakutani uso kwa uso. Basi mzunguko wenyewe si adui yetu.

Adui ni mwendo. Raundabauti inasaidia tu ikiwa dereva analazimika kupunguza mwendo kabla hajaingia. Barabara ikija pana na imenyooka, hapunguzi. Anapita kama hakuna kitu. Sheria inasema mjini na sokoni mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Lakini mahali watu wanavuka, hata 50 ni nyingi. Mtu akigongwa na gari linaloenda 30, mara nyingi hupona. Likienda 50, hatari ya kufa inazidi sana.

Jambo la pili ni mwenda kwa miguu. Taa husimamisha magari, raundabauti haisimamishi. Mama mwenye mzigo au mtoto wa shule anangoja mpaka anachoka, halafu anakimbia. Hapa Kenya wanaokufa barabarani wengi zaidi ni hao wa miguu. Na tuliona Thika Road: mizunguko ya Pangani na Muthaiga ilibadilishwa kuwa njia za juu na za chini, barabara ikafunguliwa 2012, magari yakakimbia, na watu wakaendelea kugongwa wakivuka. Kuondoa mzunguko peke yake hakuokoi mtu.

Basi tuombe nini? Mambo manne:

1. Matuta kabla ya kila kiingilio, yapakwe rangi, na kibao cha kuonya kiwe mbele yake.
2. Kivuko kiwe nyuma ya mzunguko kwa urefu wa gari moja, na kisiwa katikati ya barabara, ili mtu avuke upande mmoja mmoja.
3. Steji ya matatu isogezwe mbali na mzunguko.
4. Taa za usiku ziwekwe, na nyasi zinazomziba dereva asione upande wa kulia zifyekwe.

Nanyi madereva, sheria mnaijua: aliye ndani ya mzunguko, anayetoka kulia kwako, ndiye mwenye njia. Mpe. Na makanga asishushe abiria mle ndani.

Maombi tutapeleka wapi? Barabara kuu za taifa ni za KeNHA, za mijini ni za KURA, na zingine ni za kaunti. Tuulize yetu ni ya nani, kisha tuandike. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inaturuhusu. Lakini tusiende mikono mitupu. Kila ajali iandikwe kwa daftari: tarehe, saa, upande gani, gari la aina gani, nani aliumia. Maneno yetu ofisa anaweza kuyabisha. Daftari la miezi sita litamsumbua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Daftari linauzwa hapo dukani. Kabla hatujatoka, tumchague wa kulishika.