Kinachomngoja Dereva Kati ya Bandari na Lubumbashi

Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa serikali huko Usangi, Wilaya ya Mwanga. Yamefupishwa kidogo.



Barua yenu ya mwaliko ilinitaka niseme juu ya vijana na ajira. Jambo hilo ni pana mno, na mtu akilisema lote hasemi kitu. Kwa idhini ya Mwenyekiti nitasema juu ya kazi moja tu, ile ambayo kila mwaka huchukua baadhi ya vijana mliowafundisha katika madarasa ya hapa: kazi ya kuendesha malori ya safari za nje.

Mtu akisimama usiku kwenye kingo za milima yetu upande wa magharibi huona taa za magari bondeni, zikifuatana kutoka Same kupita Lembeni na Mwanga kwenda Moshi. Wengi wetu tumekua tukizitazama taa hizo, na nadhani ndizo zilizotushawishi kabla ya mwalimu yeyote. Si jambo jipya. Bonde hilo hilo lilipitiwa na misafara ya wapagazi iliyotoka pwani kwenda Kilimanjaro, na wazee wetu wakiwauzia chakula. Na majembe ya chuma yaliyofuliwa katika milima hii yalivuka hadi kwa Wachaga kabla reli haijafika Moshi mwaka 1911. Lakini njia inayowachukua vijana wetu kwa wingi siku hizi si hii ya bondeni. Ni ile itokayo bandari ya Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, ikaikata Zambia hadi Ndola, ikaingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa na kuishia Lubumbashi au mbele yake. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 2,000, kwenda tu.

Njia hiyo ina heshima yake katika historia. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa bandia, na kabla mwaka haujaisha Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini. Mafuta yakabidi yapitishwe Dar es Salaam. Yalisafirishwa katika mapipa juu ya malori, kwa barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, yenye makorongo na maporomoko. Wageni wakaiita Njia ya Jehanamu. Madereva walikufa humo. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia zikaunda shirika la pamoja la malori, wakiwamo na wabia wa Kitaliana. Mwaka 1968 bomba la mafuta likafika Ndola. Lami ikafuata, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa kwa nchi hizi mbili. Nayasema haya kwa sababu moja. Dereva wa mwaka 1966 aliteseka, lakini alijua anabeba nini na kwa nini, na serikali mbili zilijua yuko wapi.

Wa leo je?

Mwaka juzi nilisafiri katika lori hadi Tunduma, nimekaa kati ya dereva na utingo wake. Dereva ni mtu wa huku kwetu. Sitamtaja, maana bado anaitegemea kazi hiyo. Tela lilijaa salfa, ambayo migodi ya shaba huitumia kutengenezea tindikali ya kuyeyushia madini. Kurudi angebeba shaba yenyewe, kama ingepatikana. Kama haikupatikana, angesubiri.

Neno hilo, kusubiri, ndilo ningependa walimu walishike. Kijana huidhani kazi hii kuwa ya kuendesha. Dereva wangu huandika kila kitu katika daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Safari yake ya nyuma ilikuwa ya siku 31. Siku ambazo magurudumu yalizunguka, kwenda na kurudi, zilikuwa 11. Ishirini zilizobaki alikuwa ameegesha: bandarini akingoja mzigo, Tunduma akingoja hati, Kasumbalesa akingoja zamu, Lubumbashi akingoja kushusha, kisha yote tena kinyume chake. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019 ili gari lisikaguliwe mara mbili, na ni jambo jema lililofanywa na serikali zetu. Lakini mtandao ukikatika, au wakala wa forodha akichelewesha karatasi moja, msururu hurudi nyuma na kuingia mjini, na malori hulala barabarani kama ng'ombe kwenye josho.

Sasa hesabu ya darasani. Dereva wa namna hii aghalabu hupewa fedha za safari kwa mkupuo mmoja. Tuseme zimekadiriwa kwa siku 14. Siku ya 15 anakula nini? Anakula mshahara wake, kama upo. Wapo wasio na mshahara kabisa bali malipo ya safari tu. Anakopa kwa mama ntilie wa Nakonde. Au, na hapa nitawaudhi madereva kama wamo humu, ananyonya dizeli ya tajiri na kuiuza kwa lita njiani. Wizi ni wizi, na dereva anayeiba mafuta huwachafulia jina wenzake wote. Lakini mwajiri anayekadiria siku 14 kwa safari ambayo yeye mwenyewe anajua haijapata kuisha kwa siku 14, naye amefanya hesabu yake, na ndani ya hesabu hiyo ameshaweka kwamba fedha zilizopungua zitatafutwa mahali.

Kusubiri huko ndiko kunakozaa mbio. Aliyepoteza siku sita mpakani hutaka kuzirudisha barabarani. Sheria inamwekea mwisho wa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na 50 katika makazi ya watu, na kutii hivyo akiwa na usingizi wa siku tatu si jambo dogo. Kwenye kabati la gari nilimosafiri mlikuwa na kifungu cha mirungi kimefungwa kwa jani la mgomba. Nilipouliza imetoka wapi utingo alicheka, akasema, "Kwenu." Ndugu zangu, ni kweli: zao hilo lililokatazwa na sheria hulimwa katika baadhi ya vijiji vya milima ya Same, na serikali imekuwa ikipeleka vikosi kuling'oa. Nilinyamaza hadi Chalinze.

Njia yenyewe ina mahali pake pa kumtahini mtu. Vigwaza, mizani ya kwanza kubwa. Tangu Machi 2019 Tanzania hutumia sheria ya Afrika Mashariki inayoruhusu gari na mzigo wake kufikia tani 56 na si zaidi, na uzito wa kila ekseli hupimwa. Kwa barabara zetu sheria hiyo ni haki. Ila dereva siye aliyepakia. Mzigo ukisogea na kulemea ekseli moja, faini ni ya mwenye gari, lakini siku inayopotea ni ya dereva, na ataulizwa yeye. Mikumi barabara hupita katikati ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, na anayegonga mnyama hulipa. Pale Msamvu, Morogoro, dereva wangu alipunguza mwendo bila kusema neno. Hapo ndipo tarehe 10 Agosti 2019 gari la mafuta lilipinduka, watu wakaja na madumu kuchota petroli, na moto ukaua zaidi ya watu 100.

Kisha Kitonga. Wengi wenu mmepita Kitonga ndani ya basi, mmetazama chini mkafumba macho. Kupanda kunachosha injini. Kushuka ndiko kunakoua. Dereva wangu alinieleza kwamba gari la tani 50 na zaidi halishushwi kwa breki, linashushwa kwa gia: anachagua gia nzito kabla mteremko haujaanza, injini ikalizuia gari, na breki anaigusa tu kwa vituo. Akitegemea kanyagio peke yake, breki hupata moto na kuacha kushika. Na yupo mpumbavu, maneno ni yake, anayeachia gari lijiendee bila gia ili aokoe dizeli ile ambayo amekwisha kuiuza. Tulipokuta matawi mabichi yametandazwa barabarani alijua kabla ya kona kwamba mwenzake ameharibikiwa mbele.

Makambako na Tunduma sitakaa sana. Walimu mnajua kwamba Mkoa wa Njombe ni kati ya mikoa iliyoathiriwa zaidi na ukimwi, na mnajua mtu aliye mbali na nyumbani siku 31 ni mtu wa namna gani. Ila kulaumu tabia ya dereva bila kuuliza kwa nini siku zake ni 31 ni kulaumu nusu ya jambo.

Zambia ataikuta barabara ndefu yenye miji michache, na faini zinazolipwa kwa kwacha. Kasumbalesa ataingia nchi ambayo magari hupita upande wa kulia, na gari lake limetengenezwa kwa upande wa kushoto. Kila anapotaka kulipita gari jingine ni utingo ndiye anayemtazamia njia. Faraja ni moja: Lubumbashi atakuta Kiswahili, chenye ladha yake, lakini Kiswahili. Wanaokwenda mbele hadi Kivu wana hatari yao. Septemba 2016 madereva wa Kitanzania walitekwa na waasi huko Kivu ya Kusini kabla ya kuachiliwa. Na Mei 2020, wakati wa corona, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde na Kenya ikawataka madereva wapimwe ndipo wavuke, tuliona jinsi nchi zote zinavyomtazama mtu huyu: zinautaka mzigo wake, yeye zinamwogopa.

Nageukia sheria, maana wengi wenu ni watumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba wa mfanyakazi uwe wa maandishi, iwe kazi yake ni ndani ya Jamhuri ya Muungano au nje yake. Inaweka saa 45 za kazi kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 kila wiki. Tena inasema kwamba shauri likifika mbele ya vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi, ni yeye mwenye mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi. Ni madereva wangapi wa Usangi wanaolijua hili? Yule wangu hakulijua. Mkataba wake ulikuwa namba ya simu.

Aprili na Mei 2015 madereva waligoma nchi nzima, na mabasi yakalala vituoni. Walikataa kurudishwa chuoni kila wanapotaka kuhuisha leseni, na walidai mikataba. Katika la kwanza siko pamoja nao, kwani gari la tani 56 linastahili mtu aliyesoma. La pili lilikuwa haki yao tangu mwaka 2004, na ni aibu kwamba haki iliyokwisha andikwa ilidaiwa kwa mgomo.

Kwa watu wa Upare hili halihitaji kuelezwa mno. Mwaka 1945 wazee wetu walishuka kwa maelfu hadi Same kupinga kodi ya mbiru. Walikuwa watu wa kulipa kodi. Walichokataa ni kukadiriwa kwa kipimo ambacho hakuna aliyewaeleza. Na katika mgogoro huo wanawake wa Usangi, hapa hapa, walimkabili mkoloni wakamwambia kwamba waume zao wamekaa mbali mno na nyumba zinaharibika, kwa hiyo alimalize jambo hilo warudi. Kuna wanawake Usangi leo ambao wangeweza kuyasema maneno hayo, ila hawajui wamkabili nani.

Baada ya barua yenu niliuliza ni nani humwandalia kijana safari yake ya kwanza. Niliambiwa: mjomba, au dereva mzee aliyekuwa akimchukua kama utingo. Hiyo ni njia nzuri ya kujifunza gari. Si njia ya kujifunza mkataba. Mwalimu wa hesabu anaweza kutumia kipindi kimoja kwa mfano wa siku 14 na siku 31. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwasomesha mkataba wa ajira kama wanavyosoma barua rasmi. Ofisi ya Kata inaweza kuwa na orodha ya madereva walio safarini, waajiri wao, na jina la ndugu wa kupigiwa simu. Nimeambiwa kwamba yupo kijana wa hapa aliyefariki ng'ambo ya mpaka, na nyumbani wakapata habari siku ya tisa, kwa dereva mwenzake aliyekuwa akirudi na mzigo.

Kijana anayetaka kazi hii asikatazwe. Ina fedha kwa anayejua kuilinda, na nyumba kadhaa za bati nilizozipita leo asubuhi nikipanda kutoka Kikweni zimejengwa kwayo. Nimekuja na nakala ishirini za karatasi moja, ambayo nimeandika kwa Kiswahili mambo ambayo sheria inataka yawemo katika mkataba: kazi, mahali, saa, mshahara na namna unavyokokotolewa. Mwisho nimeacha mstari mtupu wa kuandika malipo ya kila siku ya kusubiri, maana huo katika mikataba niliyoonyeshwa sijauona bado. Nimezikabidhi kwa Mwalimu Mkuu. Dereva wangu anapakia Jumatano, naye ameomba moja.