Neno la Kwaya Katika Yubilei: Kwa Nini Tunaimba Bila Ala



Katika miaka hii 25 vijana wetu wametuuliza mara nyingi, "Mbona hatununui kinanda?" Ni swali la haki. Hapa Kawangware ukitembea Jumapili asubuhi, spika za makanisa zinashindana toka upande huu wa barabara hadi ule. Sisi tuna Nyimbo za Kristo, mwalimu wa kutupa do, na sauti nne.

Hatusemi Biblia inakataza ala. Zaburi ya 150 inazitaja nyingi, hata hicho kinanda. Jibu letu tulilipata kwa njia ngumu.

Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Tukajaribu kufanya mazoezi kwa simu, lakini sauti ya mmoja ilimfikia mwingine imechelewa, kila mtu akawa anaimba peke yake. Julai serikali ikaruhusu ibada: watu wasiozidi 100, saa moja tu, na waliopita miaka 58 wabaki nyumbani. Besi zetu karibu wote walikuwa wa umri huo. Sabato ya kwanza tulipewa do, tukaanza, na chini yetu hapakuwa na kitu. Soprano wakapotea, tena wakanyamaza. Hakukuwa na ala ya kuziba pengo lile. Wengine wetu tulilia kabla ya ubeti wa pili.

Hapo tulielewa. Tunapoimba bila ala, asiyekuja anajulikana kwamba hayupo. Aliyekuja naye lazima amsikilize jirani yake, hata kama walikosana Jumatano kwenye mazoezi, la sivyo wimbo utashuka kabla haujafika mwisho. Na tukienda kumzika mpendwa makaburini Lang'ata, hatuulizi kama kuna stima. Tunafungua vinywa tu, na waliofiwa wanaingia nasi.

Wawili wa wale wazee hawakurudi tena kwenye kwaya, tuliwazika. Nafasi zao leo zimeshikwa na vijana, tena walewale waliokuwa wakiuliza habari za kinanda.

Ndugu na dada, mazoezi ni Jumatano saa kumi na mbili jioni. Nafasi yako tutaijua ikiwa wazi. Mungu awabariki.