Adabu ya Uwanja: Naqsh-e Jahan na Upangaji wa Miji



Jioni hii nitazungumzia uwanja mmoja tu, Naqsh-e Jahan wa Isfahan, nchini Iran. Hoja yangu nayo ni moja: ubora wa uwanja wa mji hupimwa kwa masharti unayowawekea wenye nguvu wanaopakana nao.

Mwaka 1598 Shah Abbas wa Kwanza, wa ukoo wa Safawi, alihamisha makao makuu kutoka Qazvin hadi Isfahan. Mji huo ulikwisha kuwa na kitovu chake: Msikiti wa Ijumaa, uwanja wa kale na soko. Shah akaenda kusini mwa kitovu hicho, akafungua uwanja mpya wenye urefu wa mita 560 hivi na upana wa mita 160, akauzungushia maduka yenye matao ya ghorofa mbili. Soko lenye mapaa likaunganisha uwanja huo na mji wa kale.

Kila upande ulipewa mwenyewe. Kaskazini ni lango la Qeysarie, la kuingilia sokoni. Magharibi ni Ali Qapu, lango la kasri. Mashariki ni Msikiti wa Sheikh Lotfollah, na kusini Msikiti wa Shah, ulioanza kujengwa mwaka 1611. Ufalme, dini na biashara vikatazamana, katikati pakaachwa wazi kwa gwaride, wachuuzi na mchezo wa polo. Nguzo za mawe za magoli zingali zimesimama hadi leo.

Hapo mafundi wakapata mtihani. Uwanja umelala karibu kaskazini-kusini, na kibla cha Isfahan kiko kusini-magharibi. Lango la Msikiti wa Shah wakalielekeza uwanjani sawasawa; msikiti wenyewe, nyuma ya lango, wakaugeuza nyuzi 45 hivi. Simama katikati ya uwanja, utazame kusini: kuba halikai nyuma ya lango, limesogea kulia. Anayeingia hukata kona kabla ya kufika uani. Kwa Sheikh Lotfollah, msikiti usio na mnara wala ua, mwenye kuingia hupita ujia wa giza unaopinda, akatokea chini ya kuba, mihrabu ikiwa mbele yake. Ndani kibla hakikupunguziwa haki yake, na nje mstari wa uwanja haukuvunjwa.

Tusiseme kwamba huo ulikuwa usawa. Lango la soko na la Msikiti wa Shah yamerudi nyuma kidogo. Ali Qapu limejitokeza mbele, na juu yake pana roshani ya nguzo za mbao ambako Shah na wageni wake walikaa kutazama michezo. Mwenye kutunga masharti alijipunguzia. Lakini hata yeye hakuupa uwanja kisogo.

Kwa hiyo, wapangaji wa miji waulize mapema majengo yatakayouzunguka uwanja yatadaiwa nini: kimo chake, mstari wake wa mbele, mlango wake. Iwe benki, wizara au nyumba ya ibada, kila anayeomba kiwanja hapo aambiwe kabla ya msingi kuchimbwa: ndani ni pako, mbele ni petu sote.