Sakafu Zilizolala Upande: Nyumba Ndogo za Mbao za Stockholm

Katika vitongoji vya Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, zimo nyumba ndogo za mbao zilizozaliwa nusu kiwandani na nusu mikononi mwa wenyewe. Mwaka 1927 halmashauri ya jiji ilianzisha mpango wa kuziwezesha familia za kipato cha chini kupata makazi. Ardhi ilibaki mali ya jiji, nayo familia ikaikodi. Kuta za mbao zililetwa kutoka kiwandani zikiwa vipande vilivyokwisha kupimwa na kukatwa. Kuchimba msingi, kujenga chumba cha chini ya ardhi na kusimamisha kuta ilikuwa kazi ya familia, jioni na siku za mapumziko, chini ya uangalizi wa mafundi wa jiji. Jasho hilo lilihesabiwa badala ya malipo ya kwanza, karibu asilimia 10 ya gharama. Ndivyo vilivyojengwa vitongoji kama Olovslund na, katika miaka ya 1930, Norra Ängby.

Baada ya miongo mingi, katika baadhi ya nyumba za aina hiyo gololi ikiwekwa sakafuni huviringika yenyewe hadi pembeni. Mlango hugoma kufungwa, na kabati hujitenga na ukuta. Hapo mwenye nyumba hushawishika kumwaga tabaka la saruji laini au kutandika mbao mpya juu ya zile kuukuu. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Mihimili iliyochoka huongezewa mzigo, na chanzo cha maradhi hubaki kilipo.

Fundi mwangalifu huanza kwa kupima. Kifaa chake chaweza kuwa mpira mwembamba unaoonyesha maji, kama ule unaotumiwa na waashi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa maji yaliyotulia huwa na kimo kimoja katika ncha zote mbili. Hupima pembe zote za chumba na katikati yake, kisha huandika tofauti kwenye mchoro wa nyumba. Mchoro huo ndio unaotoa ushahidi.

Sakafu ikibonyea katikati ya chumba huku kingo zikiwa sawa, mara nyingi kosa ni la mihimili: ni myembamba kwa urefu wake, au ilikatwa zamani ili kupitisha bomba. Ikiwa laini karibu na bafu au jikoni, hushukiwa maji yanayovuja. Huko Uswidi hakuna mchwa wa kula nyumba. Adui wa mbao ni unyevu na kuvu. Fundi huichoma mihimili kwa bisibisi, hasa ncha zake zinazokaa juu ya ukuta. Mbao nzima hukataa. Iliyooza humezwa na chuma kama mkate.

Lakini sakafu za vyumba vyote zikielekea upande mmoja, tatizo liko chini zaidi. Ardhi ya Stockholm ni mchanganyiko wa miamba mikavu na mabonde ya udongo wa mfinyanzi. Nyumba yenye pembe moja juu ya mwamba na nyingine juu ya mfinyanzi hushuka upande mmoja tu, kwani mfinyanzi hunywea maji yake yanapopungua. Kipande cha jasi kikibandikwa juu ya ufa wa msingi na kuandikwa tarehe, kitasema kama nyumba ingali ikitembea: kikipasuka, safari haijaisha.

Mji mkongwe wa Stockholm, Gamla Stan, unafundisha jambo hilo hilo. Katikati yake pana kilima cha changarawe, lakini kingo zake zilipanuliwa kwa kujaza kifusi majini, na majengo mengi ya huko yamekalia magogo. Magogo hayo hudumu karne nyingi yakiwa ndani ya maji, mahali pasipo hewa. Maji ya ardhini yakishuka, huanza kuoza, na nyumba hufuata.

Matengenezo nayo yana utaratibu wake. Kwanza huondolewa maji: paa, mabomba na mifereji hurekebishwa. Pili huimarishwa kinachobeba: mhimili mpya hufungwa kando ya ule dhaifu, au nguzo ya chuma husimamishwa juu ya kitako cha zege. Jeki huinua milimita chache tu kwa wakati, kwa siku au majuma, kwa maana nyumba iliyoinama polepole ikinyanyuliwa kwa pupa hupasuka kuta na mabomba. Msingi ukiwa bado unashuka, huitwa mhandisi kabla ya jambo lolote. Kusawazisha sakafu kwa kabari na mbao huja mwisho.

Wenyeji wa Mji Mkongwe wa Zanzibar watayatambua haya. Sakafu za nyumba zao za mawe hubebwa na boriti za mikoko, na paa likivuja, ncha zilizozikwa ukutani ndizo huoza kwanza, mahali ambapo jicho halifiki. Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini aliyeuziba bila kuuliza umetoka wapi, ataujenga ukuta vilevile.