Kikohozi cha Mtoto Usiku: Kumtuliza Nyumbani na Kuijua Saa ya Kumtafuta Daktari

Matini ya mazungumzo kwa wazazi na walezi wazungumzao Kiswahili jijini Brussels



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo kila nyumba yenye mtoto inalijua. Mtoto ameshinda akicheza vizuri, amelala saa mbili usiku, na ifikapo saa sita kikohozi kinamwamsha yeye na nyumba nzima. Katika mji huu wa nyumba zilizopakana ukuta kwa ukuta, hata jirani huamka. Saa hiyo mzazi huwa na maswali mawili: afanye nini ili mtoto apate usingizi, na atajuaje kwamba usiku huu si wa kungojea asubuhi?

Kwa nini mtoto hukohoa zaidi usiku

Kikohozi chenyewe si ugonjwa. Ni mlinzi wa mapafu, kazi yake ni kusukuma nje makamasi na kila kisichostahili kuingia katika njia ya hewa. Aghalabu chanzo chake ni mafua, yaani virusi vya pua na koo. Mtoto alalapo, makamasi ya puani hutiririka nyuma ya koo na kulisisimua. Tena wakati wa baridi madirisha hufungwa, radieta huwashwa, na hewa ya chumba hukauka. Ndiyo maana mtoto aliyekohoa mara chache mchana huonekana kuzidiwa usiku.

Mtoto mdogo, hasa anayekwenda katika kituo cha kulelea watoto au shule ya chekechea, anaweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na mengi kati ya hayo huja katika miezi ya baridi. Kikohozi cha mafua nacho hakina haraka ya kuondoka: nusu ya watoto hupona katika muda wa siku 10 hivi, na 9 kati ya 10 huwa wamepona ifikapo siku ya 25. Kwa hiyo mtoto anayekohoa wiki ya pili, lakini anakula, anacheza na kupumua vizuri, kwa kawaida yumo njiani kupona.

Ni vyema jambo hili lieleweke, kwa kuwa huzaa manung'uniko mengi. Mzazi humpeleka mtoto kwa daktari, akarudi bila antibiotiki, akahisi kwamba amedharauliwa kwa sababu ni mgeni. Antibiotiki huua bakteria. Haina nguvu yoyote juu ya virusi. Ikitolewa pasipo haja humharisha mtoto na kuwazoesha bakteria dawa, hata siku itakapohitajika kwa kweli isifae. Madaktari wa Ubelgiji huizuia vivyo hivyo kwa watoto wa wenyeji.

Mambo yanayomsaidia

La kwanza ni kusafisha pua. Katika maduka ya dawa huuzwa maji maalumu ya chumvi, ambayo kwenye kisanduku huandikwa kwa Kifaransa sérum physiologique na kwa Kiholanzi fysiologisch water. Matone machache hutiwa katika kila tundu la pua kabla ya mtoto kunyonya na kabla ya kulala. Kwa mtoto mchanga hili ndilo tendo lenye faida kuliko yote, kwani yeye hupumua kwa pua, na pua ikiziba hawezi kunyonya wala kulala.

La pili ni kinywaji. Mtoto anayenyonya apewe titi mara nyingi zaidi, kidogo kidogo. Aliyekwisha kutimiza miezi 6 anaweza kuongezewa maji, na mkubwa zaidi apewe mchuzi mwepesi au maji ya uvuguvugu. Maji huyalainisha makamasi.

La tatu ni asali, kwa mtoto aliyetimiza mwaka 1 tu. Asali ina heshima ya kale majumbani mwetu, na wataalamu hawakuibeza. Mwaka 2007 utafiti uliofanywa katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa watoto 105, ulionyesha kwamba waliopewa asali kabla ya kulala walikohoa kidogo zaidi na kulala vizuri zaidi kuliko wasiopewa kitu. Kijiko kimoja cha chai, nusu saa kabla ya kulala, chatosha. Kisha meno yapigwe mswaki.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe asali hata tone, wala asipakwe kwenye chuchu au ufizi. Asali yoyote, hata iliyo safi kabisa, inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazoota ndani ya utumbo wa mtoto mchanga na kutoa sumu inayolegeza misuli, pamoja na ile ya kupumua. Ugonjwa huo huitwa botulizimu. Ni nadra, lakini humfikisha mtoto katika chumba cha wagonjwa mahututi.

La nne ni hewa. Chumba cha mtoto kiwe na joto la nyuzi 18 hadi 20, na dirisha lifunguliwe wazi kwa dakika 10 au 15 asubuhi na jioni, hata katika Januari, mtoto akiwa chumba kingine. Baridi ya dakika chache haileti kikohozi. Nguo zilizofuliwa zikianikwa katika chumba cha kulala huleta unyevu, na unyevu huzaa ukungu mweusi ukutani, ambao humkohoza mtoto majira yote. Pale ambapo ukungu umeshamiri, daktari anaweza kuiomba mamlaka ya mazingira ya Jimbo la Brussels itume wapimaji nyumbani, bila malipo kwa familia.

La tano ni namna ya kulala. Mtoto mkubwa anaweza kuinuliwa kichwa kwa mto. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 hulazwa chali, juu ya godoro tambarare na gumu kiasi, bila mto na bila blanketi zito, hata kama anakohoa.

Mambo yanayodhaniwa dawa, kumbe ni madhara

Sharubati za kikohozi hazifai kwa watoto walio chini ya miaka 6: faida yake haijathibitika, na madhara yake yanajulikana. Zile zenye kodeini haziruhusiwi kabisa kwa kikohozi cha mtoto aliye chini ya miaka 12. Hadhari kubwa zaidi iwe kwa chupa zinazosafiri katika masanduku ya wageni au kuuzwa madukani pasipo mfamasia. Mwezi wa Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya sharubati zilizokutwa Gambia zikiwa na kemikali zinazoharibu figo. Makumi ya watoto walikuwa wamekufa. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haibadilishi utamu wa dawa.

Mafuta na samli visimiminwe puani wala kooni mwa mtoto, yawe ya nazi, ya ufuta, ya zeituni au ya habasoda. Mafuta hayo huweza kuteremka mapafuni, na mapafu hayana njia rahisi ya kuyatoa. Matokeo yake ni nimonia. Dawa za kuchua zenye kafuri, menthol au mkalitusi zisipakwe mtoto aliye chini ya miaka 2, na kwa mtoto yeyote zisitiwe puani.

Kumfukiza mtoto chini ya shuka, kama watu wazima wapigavyo nyungu, kumewaunguza watoto wengi. Sufuria hupinduka kwa mkono mmoja, na faida yake kwa kikohozi ni ndogo mno kuilinganisha na hatari hiyo.

Ubani na udi ni harufu ya nyumba zetu, lakini moshi ni moshi, hata ukinukia. Usifukizwe katika nyumba yenye mtoto anayekohoa, na sigara ivutwe nje kabisa, si dirishani. Ama kuhusu jiko la mkaa, lisiwashwe ndani kamwe, iwe kwa kupika, kwa kufukiza au kwa kuota moto. Makaa yanayowaka katika nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke.

Limebaki jambo moja ambalo halisemwi kwa sauti. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki huaminika kwamba mtoto hukohoa usiku kwa sababu kidakatonge chake, ambacho wengine hukiita kimio au kilimi, kimerefuka. Basi huitwa fundi akakikata. Zipo familia zinazongojea safari ya likizo ili jambo hilo lifanyike nyumbani kwa wazee. Kidakatonge hakisababishi kikohozi cha mafua, wala pumu, wala kifua kikuu. Mtoto aliyekatwa na akapona alikuwa apone hata bila wembe. Na wapo waliotokwa na damu isiyozuilika, waliopata pepopunda, au walioambukizwa maradhi ya damu. Bibi anayelipendekeza hana nia mbaya, naye ajibiwe kwa adabu. Lakini jibu liwe hapana.

Dalili zisizongoja asubuhi

Mzazi aliyekaa kitandani mwa mtoto ana chombo cha kupimia kilicho bora: macho yake na saa. Mtoto akiwa ametulia au amelala, nguo yake ifunuliwe kifuani, na pumzi zihesabiwe kwa dakika 1 kamili. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayepumua mara 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida. Huyo aonwe na daktari usiku huohuo.

Ambulensi iitwe mara moja kwa namba 112 iwapo:

- midomo au ulimi umekuwa wa buluu au kijivu;
- ngozi hubonyea katikati ya mbavu au chini ya koo kila avutapo pumzi;
- pumzi husita, au mtoto amelegea na ni vigumu kumwamsha;
- mtoto hawezi kusema, kulia wala kunyonya kwa kukosa pumzi;
- kikohozi kilianza ghafla alipokuwa akila karanga au kuchezea kitu kidogo, na anahangaika kupumua.

Daktari atafutwe upesi, hata usiku, kwa mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi. Kwa mtoto mchanga anayenyonya chini ya nusu ya kawaida yake au ambaye nepi zake hukaa kavu. Na kwa anayekohoa mfululizo hadi kutapika, kwa kuwa hiyo huenda ikawa kifaduro. Vilevile mtoto ambaye kikohozi chake kinabweka kama mbwa, na ambaye hutoa sauti ya mkwaruzo avutapo pumzi hata akiwa ametulia, aonwe usiku huo. Wakati wa kungoja apakatwe, asilazwe kwa nguvu, na atulizwe, maana kilio huzidisha kubanwa.

Kikohozi kinachozidi wiki 3 kipimwe mchana kwa daktari wa familia. Kinachorudi kila usiku pamoja na sauti ya filimbi kifuani, au kila mtoto akimbiapo, huenda kikawa pumu. Kinachoambatana na kukonda, homa za jioni na jasho la usiku, au kilichopo katika nyumba yenye mtu mzima anayekohoa muda mrefu, kichunguzwe kifua kikuu. Magonjwa yote mawili yana tiba, na kuwa nayo si aibu kwa familia.

Fedha, hati na lugha

Wapo wazazi wanaochelewa kwa kuogopa gharama au kuogopa kuulizwa hati. Katika Ubelgiji, mtu asiye na kibali cha kukaa na asiye na uwezo wa kulipa ana haki ya msaada wa matibabu wa dharura, uliowekwa na Amri ya Kifalme ya tarehe 12 Desemba 1996. Neno dharura lisimtishe mzazi: msaada huo unahusu tiba na kinga pia, na daktari ndiye anayethibitisha haja yake. Ombi hupelekwa katika ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa anamoishi, iitwayo CPAS kwa Kifaransa na OCMW kwa Kiholanzi. Ni vyema kuliomba kabla mtoto hajaugua. Daktari hutunza siri. Si kazi yake kumshtaki mgonjwa kwa polisi.

Kliniki za watoto za ONE na za Kind en Gezin huwapima na kuwachanja watoto wadogo bila malipo. Chanjo ya kifaduro hutolewa kuanzia wiki ya 8, kisha ya 12 na ya 16, na hurudiwa baadaye. Mama naye huchanjwa katika kila mimba ili mtoto azaliwe na kinga. Asiyejua Kifaransa wala Kiholanzi aombe mkalimani wakati wa kupanga miadi. Mtoto wa miaka 10 asifanywe mkalimani wa ugonjwa wa mdogo wake; mzigo huo si wake.

Namba za kubandika mlangoni mwa friji

- 112: ambulensi, saa zote.
- 1733: daktari wa zamu, usiku, wikendi na sikukuu.
- 070 245 245: kituo cha sumu, saa zote, mtoto akinywa au kumeza kitu kisichofaa.

Usiku wa kikohozi ni mrefu, na mzazi aliyekesha hastahili lawama. Pua ikisafishwa, mtoto akanywa, hewa ikawa safi na pumzi zikahesabiwa, mzazi ametimiza wajibu wake. Na akiona dalili moja katika hizo zilizotajwa, asione haya kupiga simu. Daktari wa zamu yuko macho kwa ajili hiyo.