Tuko wote? Amina!

Neno letu la juma hili linatoka Luka 2, mstari wa 41 mpaka 52. Ninyi mliotusikia kwa radio mkiwa jikoni au mkirudi kazini, sasa mnalo kwenye karatasi. Fungueni Biblia, tusome pamoja.

Yosefu na Maria wanatoka Yerusalemu baada ya Pasaka. Hawako peke yao. Wako na jamaa, jirani na watu wa mji wao. Mpaka Nazareti ni zaidi ya kilomita 100, tuseme kama Lubumbashi na Likasi, na wao wanakwenda kwa miguu. Wanatembea siku nzima. Jioni wanamtafuta mtoto: hayupo kwa wajomba, hayupo kwa jirani. Wanarudi Yerusalemu, na baada ya siku tatu wanamkuta hekaluni.

Hawa hawakuwa wazazi wabaya. Mungu mwenyewe aliwachagua. Lakini Luka ametuonyesha kosa lilipoingia: walidhani. Walidhani mtoto yumo katika msafara. Kundi likiwa dogo, unamwona kila mtu kwa macho yako. Kundi likiwa kubwa, unaanza kuona kwa macho ya jirani, na jirani naye anaona kwa macho yako. Mwisho wake hakuna anayeona.

Sisi wa Kolwezi tunayajua mambo hayo, kwa sababu tunapenda safari. Korali zetu zinakwenda Lubumbashi, kilomita 300 na kitu, zikipita Fungurume na Likasi. Nyingine zinavuka mpaka Kasumbalesa na kufika Chingola, Kitwe na Ndola. Wenye nguvu zaidi wanafika Kapiri Mposhi, pale inapoanzia reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyofunguliwa mwaka 1976, inayokwenda mpaka Dar es Salaam. Na kila safari inarudi na vituko vyake.

Ndugu zetu wamoja walikuwa Kitwe. Waliambiwa wapande basi la kwenda mjini, barabara ileile waliyoshukia. Wakasimama upande wa kuume kama tunavyosimama hapa kwetu. Lakini Zambia magari yanapita upande wa kushoto! Basi likaja, wakapanda wote, wakaimba nyimbo tatu nzima, na kila wimbo uliwapeleka mbali zaidi na mji. Walikwenda kinyume, lakini kwa furaha.

Wengine walifika Dar es Salaam. Kule saa inatutangulia kwa saa moja. Telefone za vijana zilibadilika zenyewe, saa za mkononi za wazee zikabaki Kolwezi. Siku ya ibada vijana wamekaa ndani, wamevaa sare, na wazee bado wananyoa ndevu.

Kijana mmoja akashikwa na kiu barabarani kulekule. Akamwona muuzaji mwenye ndoo, akamwomba mayi. Muuzaji akauliza, "Unataka mangapi?" Kijana akajibu, "Hata kidogo tu, ila ya baridi." Muuzaji akashangaa sana, maana ndani ya ndoo yake mlikuwa mayai ya kuchemsha. Kule wanasema maji.

Na mwingine, kwa heshima yote, akamwita mama mwenye nyumba iliyowapokea "yaya". Kwetu yaya ni kaka mkubwa, ni dada mkubwa, ni neno tamu. Kule yaya ni msichana anayelipwa kulea watoto. Nyumba ikanyamaza. Mzee mmoja akaeleza, na yule mama, mwenye moyo mpana, akacheka na kusema, "Basi nileteeni huyo mtoto nimlee!"

Mnacheka. Chekeni, si dhambi. Hata mitume yaliwapata. Someni Matendo 14. Paulo na Barnaba wako Listra, mji wasioujua. Kiwete anapona, watu wanapiga kelele kwa lugha yao ya Kilikaonia, na mitume hawaelewi. Wanakuja kushtuka wakati kuhani analeta ng'ombe na mataji ya maua ili awatolee sadaka! Barnaba amekuwa Zeu, Paulo amekuwa Herme. Wakararua nguo zao, wakakimbilia katikati ya watu kuwazuia. Mji mgeni unaweza kukupandisha juu usikostahili, au kukushusha chini kwa neno moja. Injili inasonga mbele hata hivyo.

Lakini wapendwa, kicheko kina matawi mawili, na hapo ndipo Bwana ameniagiza nisimame leo.

Korali moja ya huku kwetu ilikwenda Lubumbashi. Walikuwa 31. Likasi wakasimama wanunue chakula. Shofere alipotaka kuondoka akauliza, "Tuko wote?" Gari zima likajibu, "Amina!" Mnaijua amina yetu, inatoka kabla swali halijaisha. Gari likaondoka.

Lubumbashi, chakula kilipogawanywa, sahani moja ikabaki. Ndipo wakahesabu. Mama mmoja, mjane, mwenye sauti ya pili, hakuwamo. Alikuwa Likasi, kando ya barabara, na sare ya korali mwilini, na mkoba wake na telefone yake vimekwenda na gari. Mwanamke anayeuza avoka akampa kiti na telefone, lakini hakuna namba hata moja aliyoijua kwa kichwa. Alikaa hapo mpaka gari la kanisa lingine lilipompakia. Alifika usiku, akaimba kesho yake, na hakumlaumu mtu.

Tungefurahi hadithi iishe hapo. Lakini waliporudi Kolwezi, vijana wakampa jina: Mama Likasi. Akiingia mazoezini, mtu anauliza, "Tuko wote?" na wote wanajibu, "Amina!" na kuanguka kwa kicheko. Juma la kwanza alicheka nao. Juma la pili alitabasamu. Juma la nne hakuonekana. Wamama wa kanisa walipomtembelea, alisema neno moja: "Likasi waliniacha mara moja. Hapa wananiacha kila mazoezi."

Ndugu, sikieni hilo. Kule Kitwe wote walipotea pamoja, na kicheko kiliwaunganisha. Likasi mmoja alipotea kwa kosa la thelathini, kisha wale thelathini wakacheka, na yeye ndiye aliyelipa. Kicheko cha kwanza ni chakula cha kundi. Cha pili kinamla mtu.

Sasa rudini kwa Maria. Alipompata mtoto hakuanza kumchezea mbele ya waalimu wa hekalu. Alimwambia uchungu wao, wake na wa Yosefu. Kisha mstari wa 51 unasema mama aliyaweka mambo yale yote moyoni mwake. Hakuyafanya kuwa wimbo wa kisima cha Nazareti. Lakini Luka ameyaandika, maana yake siku moja yalisimuliwa, kwa wakati wake na kwa heshima yake. Hadithi ya aliyepotea ni mali ya aliyepotea. Akiisimulia mwenyewe akacheka, cheka naye. Asipoisimulia, iweke moyoni kama Maria.

Kwa hiyo, ninyi mnaojiandaa kusafiri, shikeni mambo haya. Msihesabu kwa amina. Hesabuni kwa majina, na kila mtu awe na mwenzake, ili mmoja akikosekana mwingine apige kelele. Kila mmoja awe na karatasi mfukoni mwenye namba ya kiongozi na mahali mnapolala, kwa sababu telefone inaweza kubaki garini au kuzimika. Mkivuka mpaka, ulizeni kwanza saa, ulizeni upande wa barabara, ulizeni majina ya heshima ya watu wa pale. Na aliyepotea akirudi, neno la kwanza liwe, "Umekula?"

Na wewe unayesoma, huenda katika kanisa lako kuna kiti kilichokuwa na mtu, na ninyi bado mnaitikia amina. Jina lake unalijua. Usingoje mashemasi. Nenda kwake juma hili, bila utani, mwambie kwamba sahani yake bado ipo.

Tuombe. Bwana, wewe uliyewaacha tisini na tisa ukamfuata mmoja, tupe macho ya kuhesabu kama unavyohesabu. Linda watoto wako walioko barabarani, kati ya malori ya shaba na vumbi. Safisha vinywa vyetu, ili furaha yetu isimfukuze mtu nyumbani mwako. Katika jina la Yesu. Amina, na safari hii tuiseme baada ya kuangalia nyuma.